Mzungu Aliyetafuta Upepo

Mzungu wa kaka yangu alikuwa anatafuta upepo. Nalisema hapa mwanzoni kabisa, kwa sababu mwaka ule nililisema mpaka koo likakauka na hakuna aliyenisadiki. "Felista," waliniambia, "mzungu gani anaacha kwao anakuja Singida kutafuta upepo?" Na kweli, ukilifikiria, hata mimi ningejicheka.

Kaka yangu Alute alikuwa dereva wa Land Rover ya serikali mjini Singida. Bosi wake, Bwana Anders, alikuja kuchimba visima, na katika mizigo yake alikuja na ubao mrefu kushinda mlango wa kanisa, pamoja na shuka kubwa la nailoni. Ubao unaelea majini, mtu anasimama juu yake, anashika mti wa lile shuka, upepo unamsukuma. Basi. Hakuna samaki, hakuna mzigo, ndiyo starehe yenyewe. Kwao walimwambia Tanzania ina bahari, wakasahau kumwambia kwamba Singida haina.

Kwa hiyo kila Jumapili Alute alifunga ubao juu ya gari, na wawili hao wakazunguka maziwa. Ziwa la Singida, upepo ulikatwa na majabali. Ziwa Kindai, mzungu aliliona dogo. Kitangiri walifika jioni wamechakaa kwa vumbi, wakakuta matete mpaka mbali majini. Walirudi mjini wamenuna. Ndipo Alute, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, akasema, "Bwana, kwetu kuna upepo. Mama yangu anapepeta uwele kando ya ziwa, na sijamwona akingoja upepo."

Kwetu ni mbele ya Mungaa, kwenye ziwa dogo la magadi. Tembe letu, nyumba ya miti na udongo mpaka paani, lilikuwa karibu kabisa na maji, na mbele yake uwanja wa kupuria. Baba alilijenga kabla sijazaliwa, akazikwa nyuma yake, na Mama alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu na kwa serikali: afie ndani ya tembe lile, azikwe kando ya mumewe. Mwaka ule hilo lilikuwa ombi kubwa. Ilikuwa Operesheni Vijiji, na watu walikuwa wanahamishwa kila upande kwa malori ya serikali, wakakae vijiji vipya vya pamoja. Sisi tulikuwa bado. Tuliishi kama kuku aliyesikia mgeni amefika.

Siku waliyokuja, mzungu alimwambia Mama "shikamoo" vizuri kabisa, Mama akafurahi, akaitikia na kumpa kiti. Hakukaa. Alisimama katikati ya uwanja, akalamba kidole, akakiinua juu. Akatembea ufukweni kwa hatua ndefu, akarudi, akakodoa macho ziwani. Halafu akachomeka mti mrefu ukingoni mwa uwanja, juu yake kitambaa chekundu.

"Usiguswe mpaka Jumapili," Alute alitafsiri. "Felista, wewe uwe unatazama mchana, kitambaa kinasimama au kinalala."

Walipoondoka, vumbi halijatulia, Mzee Simeoni akawa amefika. Yeye ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole anayeogopa vitu viwili, radi na mkutano wa wilaya.

"Lile gari ni la serikali?"

"Ndiyo, mzee."

"Mzungu amepima?"

"Amepima upepo."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto wa watu aliyeanza kurukwa na akili. "Mwanangu," alisema, "kule njia ya Issuna walianza hivyo hivyo. Kwanza mti, halafu lori."

Simlaumu. Habari zilizokuja kwetu zilikuwa hizi: ukingoja lori, nyumba itabomolewa na wengine, na miti ya paa itabaki hapo hapo kuwa kuni. Ukibomoa mwenyewe, miti ni yako, unahama nayo. Na kwetu miti ya tembe si kitu cha kuacha. Ni ile migumu ambayo mchwa huishindwa, mtu anairithi kwa babu yake na kumwachia mjukuu. Udongo utaupata popote. Miti ile huipati.

Jirani yetu Gabrieli alianza kubomoa Jumanne. Kesho yake akafuata Dorkas, mjane mwenzake Mama, ambaye tulichimba naye kisima kimoja cha mchangani kila kiangazi. Nilikimbia nyumba hadi nyumba. Nilieleza ubao, nikaeleza shuka, nikasimama kwa mguu mmoja kuonyesha mtu anavyoelea. Wakacheka kidogo, wakaendelea kushusha udongo wa paa. Dorkas ndiye alinijibu: "Kaka yako anakula mshahara wao. Unafikiri atakwambia ukweli?"

Nilitaka kuung'oa ule mti nikautupe ziwani. Mama akanikataza. "Ukiung'oa watasema tumekaidi, wataanza na sisi." Basi mti ukabaki, na kitambaa kikapepea mchana kutwa bila kulala, na mimi nikikitazama nasikia hasira mpaka machozi. Mama hakubomoa. Alipepeta uwele wake karibu na ule mti kama hauoni.

Jumapili Alute alifika na bosi wake, akakuta kuta zimebaki wazi juu, na miti imefungwa mizigo mizigo. Aliwaita watu wote. "Ni mchezo jamani! Mchezo tu! Hakuna anayehamishwa!" Hakuna aliyeinua hata kope. Akamwendea bosi wake, akamwomba kwa mikono miwili awaonyeshe.

Bwana Anders akavua viatu. Tulishuka ufukweni sote, na wazee, na watoto wenye vumbi la udongo wa mapaa kichwani. Akapanda ubao, akaanguka. Watoto wakacheka. Akapanda tena, akaanguka tena, hata Mama akaziba mdomo kwa kanga. Mara ya tatu shuka likashika upepo, likajaa, na yule mtu akaondoka amesimama juu ya maji, akaenda mpaka katikati ya ziwa bila kasia. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Wanawake walipiga vigelegele. Nilimshika Alute mkono, nikajua tumepona.

Vigelegele vilipokwisha, Dorkas akasema taratibu, "Kumbe. Tunaondolewa ili huyu apate pa kuchezea."

Maneno yake yalikuwa na akili kuliko ukweli wangu.

Bwana Anders akarudi anavuta ubao, tope magotini. Alizungumza na Alute kwa muda, anatikisa kichwa. Kisha akampa kila mtu mkono, akatushukuru, akaung'oa mti wake na kuutia garini.

"Anasemaje?" Mzee Simeoni akauliza.

Alute hakutaka kusema. "Anasema hapafai. Upepo upo, lakini ziwa ni la kina kifupi, tope linashika ubao kwa chini."

Dorkas aliketi juu ya mizigo yake ya miti, akacheka peke yake.

Wangeweza kujenga upya? Ndivyo nilivyowaambia. Wengine walisema tungoje, pengine ni mtego. Wengine walisema udongo bila mvua haushikani. Wakalala nje wakibishana, na wakiwa bado wanabishana, lori likapita. Nasema likapita, kwa sababu halikuwa likija kwetu. Lilikuwa linakwenda kwingine kabisa. Lakini kijana wa wilaya aliyekaa mbele aliona kuta zisizo na mapaa, na vyungu nje, akamwambia dereva asimame.

"Ninyi ni kina nani? Zamu yenu bado."

Mzee Simeoni akaeleza kwamba wamebomoa wenyewe. Yule kijana alivua kofia, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema huo ndio moyo wa ujamaa, watu wasiongoja kusukumwa. Ungekuwa wewe ungesema nini? Lori likageuzwa. Kufikia siku ya pili jioni walikuwa wamebebwa wote, pamoja na miti na kuku.

Tembe la Mama peke yake lilikuwa na paa. Kijana aliliangalia akasema, "Huyu bibi mwacheni, hatujaagizwa." Na nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi kama mwendawazimu. Mama alikuwa amepata ombi lake.

Asubuhi nilikwenda kisimani. Mchanga ulikuwa umeporomoka, na kisima kile huchimbwa na watu, si na mtu. Nilichimba mpaka jua likawa kali, nikapata maji ya nusu ndoo. Nyayo za fisi zilifika mpaka kwenye majivu ya jiko la Dorkas. Niliporudi, Mama alikuwa ameketi kwenye kaburi la Baba.

"Felista," alisema, "mimi nikifa, atanizika nani?"

"Mimi, Mama. Na Alute."

"Kaburi la mtu mzima? Wewe na Alute?" Alipangusa kanga, akainuka. "Lete ngazi. Tushushe paa, tuwafuate wenzetu."

Nililia, nikamsihi, nikamkasirikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda mwenyewe kuchukua ngazi kwa jirani, akakumbuka hakuna jirani.

Alute alikuja na Land Rover, na Bwana Anders naye. Alute alikuwa amemweleza yote, na mzungu wa watu alikuwa na macho mekundu. Alibeba miti ya Baba mmoja mmoja, akaipanga juu ya gari, pale pale panapolala ubao wake, akaifunga kwa kamba zake nzuri, mafundo imara kabisa. Mama alimshukuru. Angefanyaje?

Tulipanda. Mama alikaa mbele, ungo wake magotini, hakugeuka kutazama nyuma. Tulipofika barabarani akauliza, "Alute, huko tunakokwenda kuna upepo?"

Alute alidhani ameelewa. Alitaka kumtuliza. "Hakuna, Mama. Ni bondeni. Hakuna mtu atakayekuja kutafuta chochote."

Mama aliugeuza ungo, akaupangusa vumbi kwa kiganja.

"Basi uwele nitapepetea wapi?"