Namba ya Jedida

Watu wa Muyeye waliposikia kwamba Jefwa anataka kupanda Mlima Kenya, walicheka hadi wakashika mbavu. Sikuwalaumu sana. Mimi ni fundi mwashi niliyestaafu, goti langu la kushoto hulalamika kila mvua inapokaribia, na maisha yangu yote sijawahi kulala mahali palipo juu kuliko mnazi. Lakini pia sikuwaeleza kitu. Mtu akikucheka kabla hajakuuliza, mwache acheke mpaka achoke.

Wangeuliza, ningewaambia. Mke wangu Jedida alizaliwa Naro Moru, chini ya mlima huo, na tangu aliponifuata huku pwani alikuwa akiniahidi kwamba siku nikiweka mwiko chini tutaupanda pamoja mpaka kilele cha Lenana. Yeye mwenyewe hakuwahi kuupanda. Alisema mtu wa kwao huuona kila asubuhi akikama ng'ombe, basi hudhani ameshafika. Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo mipango yetu yote ilikuwa ya watu wawili. Nilipouweka huo mwiko chini, yeye alikuwa tayari ameanza kuumwa, na masika hayajaisha tukawa tumemzika Kakuyuni, katika shamba la baba yangu.

Tangu hapo nilikuwa mpweke, na sina neno la kulipamba jambo hilo. Watu walikaa nami matangani, wakala, wakaomba dua na sala, wakaenda zao. Nami kwa ukali wangu wa asili sikuwapa sababu ya kurudi. Simu ya Jedida niliiweka kwenye droo ya kabati, nikawa naichaji na kuitilia salio kidogo ili namba yake isije ikapewa mtu mwingine. Siku nyingine nilikuwa nikiipigia. Nilikaa sebuleni nikaisikiliza ikilia chumbani mpaka ikakata. Si wazimu. Nyumba yenye simu inayolia inafanana kidogo na nyumba yenye mtu.

Basi mwaka wa pili ulipokuwa ukiisha nikaamua kwenda peke yangu. Nilifikiri mlima ni kama ufuo: unafika, unavua viatu, unaingia. Kumbe kuna kibali, kinalipwa kabla hujafika langoni, na mtu mmoja haruhusiwi kuingia bila mwenzake au kiongozi. Nikapewa namba ya kiongozi mmoja wa Naro Moru, Njoroge, kijana mwenye subira ya ng'ombe wa kulimia. Alinitaka nikapimwe presha, nikodi kwake viatu na mfuko wa kulalia, na nifike mapema nilale kwao kabla ya kupanda, maana mtu anayetoka usawa wa bahari akipanda haraka kichwa kinampasuka na anatapika mpaka nyongo.

Tulikosana kwenye chakula tu. Nilimwambia wapagazi watabeba mchele, nazi kavu, na mbuzi yangu ya kukunia, kwa sababu mimi siwezi kupanda kitu chochote nikiwa nimekula mkate. Njoroge akanieleza kwa upole kwamba kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na mchele wangu utabaki mgumu hata tukikoka kuni za kijiji kizima. Nazi ningeila na kisu. Nilikasirika siku nzima, halafu nikairudisha mbuzi jikoni.

Kwa mazoezi, nilipanda na kushuka ngazi za hoteli moja iliyoachwa bila kumalizika, ambayo kuta zake nilizijenga kwa mikono yangu. Kwa baridi, nilikwenda kwa Odera, msimamizi wa chumba cha barafu cha samaki, nikamwomba aniache nikae humo kidogo kati ya majodari. Odera alikuwa akiniuliza kila nikitoka kama anipime kilo au aniuze mzima. Siku moja nilitoa mfukoni chupa yangu ya mafuta ya nazi, niliyokuwa nimepanga kujipaka kule juu, nikaikuta imeganda nyeupe kama mshumaa. Hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza.

Ndugu yangu Gona alikuja kutoka Kakuyuni kunizuia. Yeye aliona dawa ya huzuni yangu ni kumsimamishia Jedida koma, kile kijiti cha ukumbusho wa marehemu, na kummwagia tembo la mnazi kama tulivyofanya kwa baba. Nikamwambia Jedida alikuwa mama wa kanisa na hakuonja tembo maishani. Gona akachukua kofia yake. Akasema kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma, na nikifia kule nisitume mtu kumwita.

Kwa hiyo Njoroge aliponiuliza kwa simu jina na namba ya mtu wa karibu, wa kuarifiwa nikipata shida, nilikwama. Nilimpitia kila mtu ninayemjua na sikumpata wa kumtaja. Mwishowe mdomo ulisema wenyewe: Jedida. Nikamtajia na namba.

Wiki ya kuondoka, asubuhi, nilikuwa navizoeza vile viatu sebuleni, simu ikalia chumbani. Nilisimama pale pale. Mtu pekee aliyekuwa akiipigia namba ile nilikuwa mimi, na simu yangu ilikuwa mezani. Nikaenda, nikafungua droo, nikapokea.

"Habari. Naomba kuongea na Jedida," sauti ikasema.

"Hayupo," nikasema.

"Anarudi saa ngapi?"

Nikaifunga droo.

"Harudi, Njoroge. Ni mimi, Jefwa."

Alielewa. Aliniambia pole, kisha akaniambia kwamba huwa anaipigia kila namba kabla ya safari, kwa sababu alishawahi kushusha mgonjwa akakosa wa kumwambia.

"Mzee, mlima nitakupandisha," akasema. "Lakini siandiki mtu asiye na wa kupokea simu. Si lazima awe wa damu. Awe anapokea tu."

Nilikaa kitandani na viatu vyangu vya mlima, nikalia. Kisha nikaitia simu ya Jedida mfukoni, nikavuka kwenda kwa Mapenzi, jirani yangu anayekaanga viazi karai, ambaye nilikuwa nimegombana naye kwa ajili ya moshi.

"Shikamoo, baba," akasema, bila kuacha karai lake.

"Marahaba." Nikamweleza yote, nikitazama viazi. Nilitaka namba yake tu. Akasema yake haina maana, watoto wanaichezea mpaka inazima, bora nimwachie hiyo niliyokuja nayo. Mkono wangu ulikataa kutoka mfukoni. Mapenzi akajifuta mafuta kwenye kanga, akaunyoosha wake, akangoja, na mwishowe nikampa.

"Lakini mimi siwi wa kupigiwa shida peke yake," akasema. "Ukifika salama pia unipigie."

Tulifika Lenana jua linachomoza. Nilikuwa nimetapika njiani na goti lilikuwa limevimba, na yale niliyokusudia kumwambia Jedida yote yalinitoka. Theluji ilikuwa haba, chafu kidogo, kama chokaa iliyosalia kwenye ukuta wa zamani. Huko chini Naro Moru ilikuwa bado gizani. Nilikuwa nimefika kama tulivyopanga, na hapakuwa na wa kumgusa bega.

Njoroge akanionyesha mahali panaposhika mtandao. Nikavua glovu kwa meno nikaipiga namba ya Jedida, nikaiweka sikioni kama nilivyozoea, tayari kuisikiliza ikilia mpaka ikate.

"Haloo," sauti ikasema. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichemka na watoto wakigombana. "Baba, umefika?"

Nilichelewa sana kujibu, naye hakukata.