Kioo cha Kumwona Dada

Nilimwambia Mama mapema: kioo cha kompyuta si cha dirisha. Unaizima kwanza, unachomoa waya, unapangusa kwa kitambaa laini kikavu, taratibu, bila kukandamiza. Hakipuliziwi kitu. Mama akaitikia "sawa", ile ya kunifukuza jikoni.

Siku hiyo dada yangu, aliyelazwa hospitali nchi ya mbali, alikuwa anatolewa uvimbe kichwani. Angetupigia kwa video kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, na Mama alitaka kumwona vizuri, bila vumbi wala alama za vidole. Nilipotoka kuoga nilikuta kompyuta inawaka, waya uko ukutani, naye ameshika chupa ya dawa ya madirisha. Matone yalikuwa yanateremka. Yakafika ukingo wa chini, yakapotelea ndani. Kioo kikachezacheza, kikawa cheusi.

"Nilikuwa namtolea vumbi tu mwanangu," alisema.

Nilikasirika. Ningefoka, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Nikachomoa waya, ikabaki inatumia betri, nikaiinamisha kompyuta ili unyevu utoke. Salama ilikuwa kuizima kabisa. Lakini simu yangu ni ya vitufe na ya Mama ni kuukuu kuliko yangu. Tukiizima, dada angetupata wapi? Tukakaa tunaitazama.

Mlio ukaanza kwenye kompyuta. Nikabonyeza kitufe cha kupokea kwa mazoea tu.

"Mama? Nakuona. Mbona umekunja uso?" Ilikuwa sauti ya dada.

Mama akanikazia macho ninyamaze. "Hata mimi nakuona, mwanangu. Umependeza. Na nywele zimekaa vizuri."

Niliogopa kwamba mtandao umekatika.

"Mama, nywele wamezinyoa zote jana. Nimezima kamera makusudi, usinione hivi."

Mama akasogea karibu. "Basi na mimi nimekimwagia dawa kioo. Sioni kitu."

Dada akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nimeiwasha sasa. Nitazame hivyo hivyo, Mama."

"Nakutazama."

Tukasikia watu wakiingia kumchukua, magurudumu, mlango, kisha simu ikakatika. Nilimwambia Mama ainuke, niizime kompyuta. Hakuinuka. Alichukua kitambaa kikavu, akaanza kupangusa kile kioo cheusi, taratibu, bila kukandamiza.