Majimoto Wanahama

...nikate au nisikate, Hashimu ananiuliza tena, panga mkononi, mguu mmoja kaupandisha juu ya mkorosho ulioanguka, na mimi natazama mizizi iliyong'oka na udongo wake, sikujua ilishika juu juu tu namna hii, jana mchana upepo wa chamchela umekatiza hapa shambani Mpapura, ukala mstari mmoja, huu alioupanda mama, maua yote chini, viota vya mnana chini, vifaranga walikuwa bado wanatanua midomo jana jioni, leo kimya, na mstari wa pili, hatua chache tu, hata ua halikudondoka, upepo gani huo unaochagua... "Mama Riziki, nakusemesha," anasema mume wangu, nasikia, nikisema kata maana yake tunachoma mkaa, tukichoma mkaa tumemaliza hapa, tunahamia mjini Chikongola kwa kaka yake, chumba cha uani, jana nilisema sawa, nilikuwa nimechoka, shamba la mama, na la mama yake kabla, maana kwetu mume ndiye anayekuja kwa mke na begi, Hashimu alikuja na begi la kijani, zipu mbovu... mama nilimlilia, mti huu sijaulilia, najishangaa, labda machozi yatakuja baadaye, labda hayaji... "Kaka anasubiri jibu, ujue," haya, asubiri, mbona majimoto wanakimbia hivi, wale sisimizi wekundu, mama alikataza tusiwachome moto, hao ndio askari wetu, alisema, wanakula wadudu wanaonyonya maua, nyumba yao ya majani imepasuka, wamebeba mayai meupe mdomoni, msururu mzima, wanapita kwenye tawi lililolalia mkorosho wa mstari wa pili, na kule juu wengine wameshaanza kushona majani mabichi, hawana msiba hawa, au wanao na kazi wanafanya, mti umewafia wakahama, ndiyo, lakini hawakuhamia Chikongola, wamehamia mti wa pili, jamani, mti wa pili tu... "Nikate, nisikate?" panga lile lile, mguu pale pale, nakupenda Baba Riziki, nitaumia, lakini ngoja kwanza hawa wamalize kuvuka, halafu kata, choma mkaa wako uende nao kwa kaka yako, begi nitakufungia mwenyewe, ile zipu naijua, mimi nabaki.