Pale CD Ilipokwama

Watu wanasema mimi Ernestine niko na kiburi cha dansi. Ni kweli, na sitaomba radhi. Hapa Kasongo, kama muziki unalia kwa jirani na mimi niko napepeta muchele, ungo unabaki chini, na wenye njaa watajijua.

Ugonjwa huo ulinishika nikiwa musichana, kwa Djafari. Baada ya vita yeye alikuwa na jenereta, televizyo moja na CD moja ya klipu, video za muziki wa Kinshasa. Tulijaa kwenye nyumba yake ya udongo mpaka tunakaliana miguu. Klipu tuliyoipenda kupita zote ilikuwa ya wasichana wenye suruali nyeupe: wanashuka na kiuno, wanazunguka, wanainua mukono wa kuume. Halafu wanasimama. Mukono juu, mwili muzima unatetemeka, tr-tr-tr, halafu hop! wote wamerukia kushoto. Mungu wangu, kule kusimama! Sijaona kitu kizuri kama kile. Tulikurudilia kisimani, shambani, hata nyuma ya kanisa. Nami nikawafundisha wengine, miaka na miaka.

Sasa Naomie, mutoto wa kaka yangu, akapata muchumba, Joël wa kule muji wa Kabambare. Kwetu shangazi ndiye anamutangulia bibi arusi akiingia, anacheza mbele yake mpaka kumufikisha kwa mama mukwe. Nilikuwa nangojea siku ile tangu nilipokuwa namubeba mugongoni. Na wimbo? Ule ule, wa suruali nyeupe. Nani angechagua mwingine?

Tukaanza repetisyo, mazoezi ya dansi, uani kwangu, mimi, Naomie na marafiki zake. Pale pa kusimama, nikasimama. Wao wakapita.

"Shangazi," Naomie akasema, "ile si dansi. CD yenu ilikuwa na mukwaruzo. Ilikuwa inakwama."

"Akili yako ndiyo imekwama!"

Akanipa simu yake. Klipu nzima, safi. Wale wasichana wangu wakainua mukono, wakaushusha polepole, wakatembea kwenda kushoto huku wanacheka. Hakuna kusimama. Hakuna kutetemeka. Nikaangalia tena, na tena. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka moto, na uchungu ulipita ile haya. Maisha yangu yote nilikuwa nacheza mukwaruzo.

"Mama yake Joël anakosoa kila kitu," Naomie akasema, machozi karibu. "Atanicheka mbele ya watu. Shangazi, ucheze kama kwenye simu. Ao rafiki yangu Sonia atangulie."

Kabambare! Kwani Kabambare iko Ulaya? Lakini mutoto alikuwa anaogopa kweli. Nikajaribu peke yangu jikoni. Wapi! Mukono ukifika juu unakataa kushuka. Basi nikamwambia Sonia, yule rafiki yake, atangulie yeye. Nilicheka nikisema hivyo, halafu nikaenda kulia.

Siku ya ndoa nikakaa nyuma, kwenye kiti cha plastiki, pamoja na wamama wa rika langu. Sonia akaingia mbele ya bibi arusi, anacheza vizuri sana, sikatai. Mama Jeannette, mama yake Joël, mwanamuke munene mwenye kitenge cha manjano, akatoka upande wao, akaja kuwapokea na dansi yake. Wimbo ukafika pale. Nikajiuma midomo. Mukono wangu ukainuka wenyewe.

Nikageuka kuona nani ameniona. Wamama wote wa Kasongo, mikono juu, wanatetemeka! Na kule mbele, peke yake katikati ya uwanja, Mama Jeannette: mukono juu, macho amefumba, tr-tr-tr. Sonia hakutazamia, akamugonga kifuani, karibu waanguke wote wawili.

"Ee, wasichana!" Mama Jeannette akapiga kelele. "Nani amewafundisha? Mbona mumepita pa kusimama? Muzime muziki, turudilie! Huyu bibi arusi hana shangazi?"

Naomie akaja mwenyewe, gauni amelikusanya mikononi, anapita katikati ya viti.

"Shangazi, unisamehe. Mama mukwe alijifunza wapi?"

"Djafari alikuwa anafunga televizyo yake kwenye baiskeli, anaenda kuionyesha mpaka Kabambare," nikamwambia. "Na CD ni ile moja."

Nikatangulia. Nilicheza namna gani? Uwaulize watu, mimi sitajisifu leo. Tulipomufikia Mama Jeannette, wimbo ukafika pale. Mikono yote ikainuka, na wa Naomie pia, na mutoto alikuwa anatetemeka kweli, si kwa dansi.

"Shangazi," akaninong'oneza, "nitajua namna gani wakati wa kuruka?"

"Usinitazame mimi. Mutazame mama mukwe wako."

Akageuza uso mbele. Hakunitazama tena.