Sanduku la Mama Simu

Katika kazi yangu vitu husogezwa. Wasomaji wengi hawajui. Kamera hutanua nafasi: viti viwili vilivyokaa vizuri sebuleni huonekana kwenye picha kama vimenuniana, kwa hiyo tunavisogeza karibu. Taa tunaihamisha, zulia tunalivuta, mto tunaupiga ngumi ukae kama umelaliwa. Lakini kabla ya kusogeza tunabandika vipande vya utepe wa karatasi sakafuni, penye kila mguu wa samani, ili baadaye kila kitu kirudi mahali pake. Nimeandika kurasa za makazi za jarida moja la kila mwezi kwa miaka kumi na miwili, na kabla ya nyumba ya Mama Simu sikuwahi kusogeza kitu bila utepe.

Aliyenielekeza kwake ni fundi rangi. "Dada," aliniambia, "kuna mama haoni kabisa, lakini nyumba yake ukiingia unavua viatu hata hujaambiwa."

Jina la Mama Simu alipewa na majirani. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, hadi alipostaafu. Macho yalimwisha akiwa na umri wa miaka tisa. Mumewe alikuwa amefariki, mwanawe wa pekee alikuwa na familia yake upande wa pili wa mji, naye aliishi peke yake katika vyumba vitatu vya chini.

Nyumba ilikuwa kama fundi alivyosema. Mlangoni palikuwa na mkeka wa katani unaokwaruza nyayo, mbele ya kiti chake zulia la sufu, na kuelekea jikoni mkeka laini mwembamba, hivyo miguu yake ilijua ilipo. Kabati lilikuwa na droo kumi na mbili, na hakuna mbili zenye kishikizo kinachofanana. Alivikusanya mwenyewe kwa wauza vyuma na vitu chakavu: kimoja cha shaba, kimoja cha kioo, kimoja cha mbao iliyochongwa kama tonge, na kimoja kilikuwa kirungu cha gia ya gari.

"Hiyo ni ya vijiko," alisema. "Nikitaka kula natia gia."

Kuta zilikuwa za njano iliyokolea. Nilimuuliza aliichaguaje.

"Rangi ni ya wageni. Mimi naipata mkiisifia. Haya, sifia."

Niliisifia, na nilimaanisha.

Alikuwa ameniwekea sharti moja tu, kwenye simu, siku mbili kabla. "Njooni mpige picha mpaka mchoke, mwanangu. Ila msisogeze kitu. Mimi humu ndani natembea kwa kukariri." Nilimjibu kwamba hatutagusa hata kijiko.

Saa nne na nusu asubuhi jua liliingia kwa dirisha la mashariki na kuanguka sakafuni, kando kidogo ya sanduku lake la mbao lenye pembe za chuma. Sanduku hilo lilikaa mwisho wa kochi, kwenye njia ya kuelekea jikoni, na ndilo alilotumia kama meza. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote mle ndani, na kilikuwa gizani. Mama Simu alikuwa jikoni akituchemshia chai. Mpiga picha alinitazama, akalitazama sanduku, kisha akainua nyusi. Sikuwa na haja ya kuelezwa.

Nilitoa utepe kwenye mkoba. Utepe wa karatasi ukichanwa hulia, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Niliurudisha. Nikamwashiria mpiga picha ashike upande wa pili, tukalinyanyua sanduku, tukaliweka juani bila kishindo. Alipiga picha arobaini na saba. Mama Simu alikuja na chai, akaketi, akatuchekesha kwa hadithi za madaktari waliokuwa wakimpigia simu kumuuliza wao wenyewe wako wodi gani. Aliporudi jikoni kufuata sukari tulilinyanyua tena na kulirudisha, kwa kukisia.

Mojawapo ya picha hizo za sanduku juani ndiyo iliyojaza ukurasa mzima.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatano, nilimpelekea nakala mbili za jarida, kama tunavyowafanyia wote. Mlango ulifunguliwa na mwanawe, mwanamume mpana mwenye ovaroli, fundi wa lifti. Nyuma yake palikuwa na maboksi ya katoni.

"Karibu dada. Usishangae, tunahama."

Mama Simu alikuwa kwenye kiti chake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

"Ni yule mwanangu wa jarida," alisema kabla sijatamka neno la pili. "Mbona leo unaingia kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano?"

"Alianguka," mwanawe alisema. "Siku ileile mliyokuja. Jioni alikuwa anatoa vikombe."

"Vyenu," alisema Mama Simu, akacheka kidogo. "Vimevunjika vyote viwili. Nilijikwaa kwenye sanduku langu mwenyewe. Miaka kumi na tisa liko palepale. Sanduku halina miguu ya kutembelea, kwa hiyo aliyehama ni mimi." Akajigonga kwenye paji la uso kwa kidole cha mkono mzima.

"Nilimuuliza," mwanawe aliendelea, huku akifunga sahani kwa magazeti. "Nikamwambia, mama, wale wageni hawakusogeza kitu? Akasema waliahidi. Na kwamba hakusikia chochote kikiburutwa. Masikio ya mama yangu nayajua, akisema hakikuburutwa, hakikuburutwa."

Niliuliza sanduku lilikutwa wapi. Alisema jirani aliyekuja kumwinua alilisukuma hadi ukutani ili apate nafasi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kisha akashusha sauti, kana kwamba mama yake asingesikia.

"Ameanza kupoteza hesabu ya nyumba. Leo ni mkono, kesho ni jiko la gesi. Mimi niko juu ya shimo la lifti siku nzima, siwezi kupokea simu ya namna hiyo. Jumamosi namchukua. Ghorofa ya sita, lakini lifti ni ya kwangu, naiamini."

"Nitapewa chumba," Mama Simu alisema. "Kina mlango na dirisha, nimeambiwa."

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimekubali. Nimekaa kimya kama mzigo, hunioni?"

Nikasema, "Pole sana, mama."

Pole ni neno la mtu asiyehusika. Nilijua hivyo nilipokuwa nikilitamka. Niliweka nakala mbili juu ya boksi, nikaaga, nikatoka.

Ofisini nilifungua picha zote za siku ile. Sakafu ya Mama Simu ni ya vigae vya sentimita thelathini, kwa hiyo ilikuwa rahisi kama kupima kwenye karatasi ya hesabu. Katika picha ya kwanza, tuliyoipiga tulipoingia, mguu wa sanduku ulikuwa kwenye mstari wa kigae. Katika picha ya mwisho, tuliyoipiga kutoka mlangoni tukiondoka, mguu uleule ulikuwa umevuka mstari kwa karibu theluthi mbili ya kigae. Sentimita kumi na tisa. Njia ya kuelekea jikoni ilikuwa imebaki na upana wa sentimita hamsini na moja. Nilipima mara tatu.

Mpiga picha alisimama nyuma yangu. "Unapima nini?"

"Nataka kuwa na uhakika."

"Uhakika gani, nawe ulikuwepo? Tulilibeba pamoja."

"Ulirudisha kwa kukisia."

"Nilirudisha uliponionyesha kwa kidole." Hakukasirika. "Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Basi kompyuta hiyo ya nini? Unataka umpelekee grafu?"

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa niliandika maneno mia nne kuhusu mapazia mepesi kwa vyumba vinavyopata jua la mchana, nikayasahihisha, nikayapeleka kwa mhariri. Kulikuwa na muda wa kutosha kwenda na kurudi mara mbili. Sikwenda. Nilijiambia kwamba hatua ishachukuliwa, kwamba pengine mwanawe ana haki hata hivyo, kwamba mtu wa miaka sitini na nane asiyeona hapaswi kuishi peke yake. Miaka yote ya kazi hii sikuwahi kuwa na maoni kuhusu jambo hilo. Niliyapata siku nilipoyahitaji.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilibisha hodi. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Droo kumi na mbili zilikuwa zimetolewa na kupangwa sakafuni, tupu. Mama Simu alikuwa ameketi katikati ya sebule kwenye kiti pekee kilichobaki wazi, mkoba mapajani, amevaa viatu.

"Gari bado," mwanawe alisema. "Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kusema jambo. Sanduku tulilisogeza sisi."

Niliendelea. Nilisema saa, nilisema umbali, nilisema tulilirudisha bila alama na likabaki nje ya mahali pake kwa sentimita kumi na tisa. Nilitoa picha mbili nilizozichapisha, nikampa mwanawe. Alizitazama moja baada ya nyingine. Kisha akaenda kwenye boksi, akachomoa jarida, akafungua ukurasa wa sanduku na kusoma kwa sauti.

"'Hapa hakuna kitu kilichopangwa kwa ajili ya kamera. Kila kitu kiko pale alipokiweka mwenyewe.' Ni wewe umeandika hivi?"

"Ni mimi."

"Wiki tatu, dada! Jumatano ulikuwa umesimama hapohapo. Nilikupa historia yote, nikakuambia hadi siku ya kuhama. Ukasema pole."

"Ndiyo."

"Subiri," Mama Simu alisema. Alikuwa ameinua mkono mzima, nadhani kama alivyokuwa akiinua zamani watu wawili walipozungumza kwa pamoja kwenye laini moja. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni. Ulikuwa unatuchemshia chai."

"Na kulirudisha?"

"Ulikuwa umefuata sukari."

"Mlango ulikuwa wazi. Sikusikia kitu."

"Tulilinyanyua."

Aliinamisha kichwa. Niliona midomo yake ikisogea, kama anayerudia namba. "Nilidhani na masikio yameanza," alisema. "Nilimwambia huyu ni miguu tu, sikumwambia la masikio. Kila asubuhi nimekuwa nikihesabu hatua kama mtoto wa darasa la kwanza. Kitandani hadi mlangoni, saba. Nafika, nasema, hizi ni saba kweli, au nimeruka moja? Narudi naanza upya." Akageuza uso upande wangu. "Sanduku lile ni zito. Watu huliburuta. Kwa nini mlilinyanyua?"

Jibu lilikuwepo tayari, na lilikuwa zuri: tusikwaruze vigae. Ni jambo tunalolifanya kweli katika nyumba za watu. Hakuna picha ambayo ingelikanusha.

"Ili usisikie," nilisema.

Mwanawe aliweka jarida chini. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima, na sikuwa na mahali pa kupeleka macho. Kila nilipoyaelekeza palikuwa na kitu kilichofungwa kamba.

Mama Simu alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, kwa kukanyaga visigino, kwa sababu mkono mmoja haukutosha. Akaweka nyayo sakafuni.

"Mpigie mwenye gari," alimwambia mwanawe. "Mwambie asije."

"Mama, tuzungumze kwanza."

"Tuzungumze nini? Ulisema unanichukua kwa sababu nimepoteza hesabu. Sijapoteza. Una sababu nyingine?"

Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. "Naogopa," alisema.

"Hiyo ni ya kwako, mwanangu. Kaa nayo, utakuja kunisalimia nayo Jumapili. Piga simu."

Alipiga. Kisha akafungua boksi la kwanza, na mama yake akaanza kumwelekeza: mkeka wa katani kwanza, halafu zulia, halafu kochi. Droo ya kirungu cha gia ilirudishwa ya tatu kutoka juu. Niliinama nishike upande mmoja wa sanduku.

"Nani huyo?" Mama Simu aliuliza kwa ukali.

"Ni mimi, mama. Nasaidia."

"Usiliguse."

Niliachia. Mwanawe alilivuta peke yake, kwa kuliburuta, na vigae vililia sebule nzima. Mama yake alipiga magoti, akapima kwa shubiri kutoka mkono wa kochi: moja, mbili, na vidole vitatu. "Rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo." Akasimama kwa kujishikilia kwenye pembe ya chuma.

Alitaka kujaribu njia. Mwanawe alimshika kiwiko, naye akamtoa mkono. Alienda hadi kwenye kiti chake, akageuka kuelekea jikoni, kisha akasita, akainua uso.

"Dada, uko wapi?"

Siku zote aliniita mwanangu.

"Niko karibu na dirisha."

"Karibu ni wapi?"

"Nimeegemea ukuta. Dirisha liko kulia kwangu."

"Basi kaa hapohapo. Usitoke mpaka nikuambie."

Nikakaa hapohapo, mgongo ukutani, mikono nimeiweka nyuma. Alipita mbele yangu kwenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Mara ya nne hakuhesabu kwa sauti. Mara ya sita alibeba sufuria. Ilichukua karibu nusu saa, na kila alipofika usawa wa dirisha aliuliza kama bado niko palepale, nami nilijibu kwamba niko.