Gazoli ya Kasindi

Erisa aliuza shamba la kahawa aliloachiwa na baba yake, ili anunue gari la kuvuta trela la chumvi kutoka Katwe hadi Bwera. Mafundi walimwonya mapema: petroli hukimbia, dizeli huvuta, kwa mzigo ule achukue dizeli tu.

Mjini Kasese akakuta pikapu mbili. Kifuniko cha tangi la moja kilikuwa kimeandikwa "Gasoline". Muuzaji, mdomo asali, hakujua hata anachouza, basi Erisa akampigia simu mkewe Ithungu, aliyelelewa ng'ambo ya mpaka, Kasindi.

"Mama Phionah, hapa imeandikwa gazolini."

"Gazoli njo dizeli, Baba Phionah! Kwetu Congo banaita vile. Chukua iyo."

Akaichukua, ile nyingine akaipa kisogo. Katwe akapakia chumvi, na njiani akamimina jerikeni zima la dizeli. Alipokaribia Kinyamaseke pikapu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazimika.

Kiiza, dereva wa trekta aliyekuwa akipita, akasimama na kunusa tangi. "Gazoli ya Congo iko dizeli," akasema. "Lakini hii gasoline ya Wazungu iko petroli, ndugu yangu."

Mvua ikaanza kuinyeshea chumvi. Kiiza akafunga kamba, trekta likaanza safari. Ndipo simu ikalia.

"Baba Phionah, majirani beko hapa banangoja kuiona," Ithungu alisema, na nyuma yake vigelegele. "Inavuta?"

Erisa akaitazama kamba ilivyokaza.

"Inavutwa," akasema.