Udi Kabla ya Halua

Kila mwaka Mahbuba aliwafundisha wanafunzi wake wa chuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kila mwaka aliwatungia swali lile lile la mtihani: majimbo ya kusini yalijitenga kwa sababu gani? Sharti lake lilikuwa moja. Jibu litoke katika matamko ya majimbo yenyewe, si katika vitabu vilivyoandikwa baadaye na wajukuu. Wajukuu walileta habari za ushuru, za haki za majimbo, za kuilinda ardhi yao. Babu zao, mwaka 1861, hawakuzunguka. Mississippi iliandika waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Watu zaidi ya laki sita wakafa.

Katika miaka ishirini ya kazi, jibu bora kuliko yote liliandikwa na Shahad binti Badr. "Anayeona haya kuitaja sababu," aliandika, "bado anaitumia." Mahbuba alimpa alama zote, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Sasa Shahad alikuwa amehitimu na kuajiriwa katika ofisi moja huko Wattaya, mjini Muscat, ofisi ile ile ya Ayman, mtoto wa pekee wa Mahbuba. Ayman alimtaka. Baba yake Ayman, Bakhit, alikuwa amefariki. Basi Jumamosi moja Mahbuba na dada yake Rahila wakatoka kwao Mabela kwenda mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nyumbani kwa akina Shahad. Wanawake huanza: huonana, hupimana, hukubaliana. Wanaume huja baadaye na posa rasmi.

"Watakuuliza fakhdhi," Rahila alisema garini.

"Najua."

"Basi sema kama alivyokuwa akisema marehemu. Jamaa zake walibaki Pemba, makaratasi yakapotea kwenye mapinduzi. Nani atakwenda kuchimbua?"

Fakhdhi ni tawi la kabila. Jina la kabila Bakhit alikuwa nalo, na lilikuwamo hata katika kitambulisho cha Ayman. Tawi hakuwa nalo. Babu yake alizaliwa mtumwa katika shamba la karafuu Unguja, na alipoachwa huru akabaki na jina la waliokuwa wakimmiliki. Ayman hakulijua hilo. Bakhit alitaka iwe hivyo, na Mahbuba, mwalimu wa historia, alimtii mpaka akamzika.

"Nna miaka ishirini nawaambia watoto wa watu waitaje sababu," alisema.

"Darasani, dada. Leo unakwenda kuomba mke. Tukifika wewe kunywa kahawa, mie n'tasema. Mie hata hiyo historia sikufaulu."

Nasriya, mama yake Shahad, aliwapokea mlangoni kwa mabusu. Aliwakalisha karibu naye.

"Mwalimu, umetuharibia mtoto," alisema. "Mwaka mzima tumekula chakula cha mchana na Marekani. Baba yake akisema ushuru, yeye anasema, 'Baba, wameandika wenyewe.' Badr mpaka akakubali. Hata mie sasa nnajua habari zao."

"Alikuwa mwanafunzi wangu bora," Mahbuba alisema.

"Watu gani wale, lakini? Kupigana miaka minne ili umfunge mwenzio." Nasriya alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Sisi tungepigania hata nini, hatungepigania hilo."

"Sisi hatukupigania kitu, Bi Nasriya," Rahila alidakia. "Jua lenyewe hili, nani ana nguvu?"

Wakacheka. Biriani ilinukia kutoka jikoni. Shahad aliwamiminia kahawa, mkono umetulia, macho chini. Alipomfikia Mahbuba aliyainua kidogo akatabasamu, na Mahbuba akaona kwamba msichana anamtaka Ayman.

"Na marehemu Bakhit, Mungu amrehemu," Nasriya alisema. "Jina letu na lenu moja. Watu wake fakhdhi gani?"

Rahila alifungua kinywa. Mahbuba akamtangulia. Hakufanya ushujaa. Aliamini tu kwamba nyumba iliyobishana mwaka mzima juu ya utumwa wa Wamarekani ingeweza kusikia habari za mtumwa mmoja wa Unguja.

"Hakuwa na fakhdhi," alisema. "Babu yake alizaliwa mtumwa wa watu wa jina hilo. Alipoachwa huru, jina likabaki kwake."

Hakuna aliyeshtuka. Nasriya aliutengeneza mtandio wake begani.

"Sisi sote waja wa Mungu," alisema, akainuka. "Ngoja nikawaleteeni halua."

Alirudi na chetezo. Udi ulikuwa tayari unafuka.

Mjini Muscat udi hupitishwa mwisho, wageni wakishakula na kunywa. Mgeni hujifukiza, hushukuru, huaga. Halua haikuwa imekuja. Biriani haikuwa imepakuliwa. Nasriya alimwinamia Mahbuba, akamwinulia mtandio kwa vidole viwili, akaupitisha moshi chini yake kwa adabu kamili, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mahbuba alimtazama Shahad. Shahad alikuwa akikusanya vikombe.

"Tutazungumza, inshaallah," Nasriya alisema mlangoni.

Wakaingia barabara kuu.

"Angalau tunanukia," Rahila alisema.

Siku ya tatu ulikuja ujumbe wa simu kutoka kwa Shahad. "Mwalimu, nimefikiri sana. Nataka kuendelea na masomo kwanza. Ayman ni mtu wa heshima, atapata aliye bora kuliko mimi." Mahbuba aliusoma kama alivyosoma majibu ya mtihani, akitafuta ushahidi. Kisha akaandika: "Anayeona haya kuitaja sababu, bado anaitumia." Alama mbili zikageuka buluu. Ulikuwa umesomwa.

Alasiri hiyo Ayman alirudi kazini, akakaa mezani bila kuvua kofia.

"Amesema anakwenda kusoma," alisema. "Hajawahi kunambia habari za kusoma. Kuna nini?"

Kwamba ni masomo tu, jibu hilo lilikuwa limeshamfika Mahbuba ulimini. Akalimeza. Akamweleza yote: shamba, babu, jina, ushauri wa Rahila, swali la Nasriya, na alivyolijibu. Ayman alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama mdogo alikwambia useme Pemba?"

"Alinambia."

"Baba alisema Pemba umri wake wote. Akaoa, akapanda cheo, akaenda misiba ya watu akakalishwa mbele. Neno moja tu, Mama."

"Lilikuwa uwongo."

"Lilikuwa letu."

"Wao ndio waliokukataa, Ayman, si mimi."

"Wao hawakusema kitu," alisema. "Hawakunitukana. Aliyenitaja mtumwa ni wewe."

Aliinuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Mahbuba aliuchukua mtandio ule akaufua kwa mara ya pili. Udi wa bei ndogo hutoka kwa maji ya kwanza. Wa Nasriya ulikuwa udi mzuri.